"HR anasoma anapita": je, nilazimike kujibu meseji za wafanyakazi papo hapo?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, mengine nimeyatoa ili mwenyewe asijulikane:

"Shikamoo dada. Mimi ni afisa rasilimali watu, kampuni yetu ina wafanyakazi 160 na ushee na HR tuko wawili tu, mimi na msaidizi ambaye bado anajifunza. Shida yangu ni meseji. Watu wananiandikia WhatsApp asubuhi, usiku, jumapili, na wote wanataka jibu saa hiyo hiyo. Wiki iliyopita kaka mmoja wa upande wa madereva aliniuliza saa tatu na nusu usiku amebakiza siku ngapi za likizo. Niliisoma, nikasema nitamjibu kesho nikifika ofisini. Asubuhi nakuta kaandika kwenye grupu la wafanyakazi 'HR wetu anasoma anapita'. Watu wakacheka, bosi akaona, akaniita akaniuliza kwanini sijibu watu. Nimeumia sana maana hapo nilikuwa nimetoka kumaliza peiroli (hesabu za mishahara) saa mbili usiku. Naomba unisaidie, je ni kweli natakiwa kujibu papo hapo? Ninunue simu ya pili? Na huyu kaka nimfanyeje maana kila nikimuona roho inanidunda?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimecheka alafu nikasikitika. Nimecheka kwa hilo la anasoma anapita maana jamani watu wana maneno, nikasikitika kwa sababu mi mwenyewe nimeshaitwa ofisini kwa kosa hilo hilo, enzi hizo hata tiki za bluu hazijaanza (zimekuja mwishoni mwa 2014 izo, na ilibidi WhatsApp waweke haraka sehemu ya kuzizima maana watu walilalamika), sisi tulikuwa tunapigiwa simu tu na usipopokea unaambiwa unaringa.

Nikupe jibu fupi kwanza. Hapana, hulazimiki kujibu papo hapo. Ila kuna kitu kingine unalazimika kukifanya na nadhani hukifanyi, nacho ni kumwambia mtu lini atajibiwa. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana, wafanyakazi wanavichanganya, bosi wako kavichanganya, na wewe pia umevichanganya, umeandika "nikasema nitamjibu kesho nikifika ofisini". Sawa, ulisema. Ulimwambia nani? Ulijiambia mwenyewe kitandani. Yeye upande wa pili kaona tiki mbili za bluu na kimya.

Na kimya cha HR kina uzito ambao kimya cha mtu mwingine hakina. Mtu wa stoo asipokujibu unadhani yuko bize. HR asipokujibu unaanza kuhesabu makosa yako ya mwaka mzima, yani kimya kile kile mtu anakitafsiri kwamba likizo imekataliwa, au mkataba hauendelezwi, au kuna barua inaandikwa. Sisi tunakaa na mafaili ya watu kila siku mpaka tunasahau kwamba ndani ya lile faili kuna maisha ya mtu, mshahara wake, bima ya mtoto wake, na mara nyingi hata hiyo siku anayokuuliza ameshakaa na swali wiki nzima anaogopa kuuliza, akijipa moyo anaandika saa tatu usiku, alafu unamuacha na tiki. Sisemi alifanya vizuri kwenda kuandika kwenye grupu, hapo kakosea na tutamfikia, ila nataka uelewe hasira yake imetoka wapi.

Sasa kwanini nasema usijibu papo hapo. Mwaka wangu wa tatu kwenye hii kazi nilitaka sana kuonekana HR mwepesi. Siku moja natoka kikao naingia kingine, mfanyakazi akanitumia meseji swali kama la huyo kaka yako, nimebakiza siku ngapi. Nikafungua faili kwenye simu, nikamjibu hapo hapo nikiwa natembea: 18. Akanishukuru sana, na mi nikajisikia vizuri. Kumbe lile faili lilikuwa la mwanzo wa mwaka, alikuwa amebakiwa na 9. Akakata tiketi za familia nzima. Nimekuja kugundua wiki mbili baadaye wakati fomu yake inapita mezani kwangu, namuita namueleza, akatoa simu akanionesha meseji yangu, hakusema hata neno. Kampuni ikabidi impe zile siku, na mi nikapata barua ya onyo, ya haki kabisa.

Ndo nilipojifunza kwamba meseji ya HR ni maandishi ya kampuni. Wewe unadhani unachati, mwenzio anaweka ushahidi. Ukimuandikia mtu "usijali utapata" kuhusu posho, umeahidi kwa niaba ya mwajiri wako hata kama uliandika huku unapiga mswaki, na siku mambo yakienda kwenye mgogoro hiyo meseji itasomwa mbele ya watu kwa sauti. Kuna wenzetu wametuma hati ya mshahara ya mtu mmoja kwa mtu mwingine kwa sababu tu ya kukimbizana na majibu, majina yanafanana, kidole kimeteleza basi, siri ya mtu imeshatoka na hairudi. Kwa hiyo spidi kwenye kazi yetu ina gharama ambayo anayeuliza haioni, na hawezi kuiona mpaka umuoneshe.

Kingine, hizo meseji zinakukata kazi katikati, na peiroli ni kazi ya mwisho duniani ya kukatwa katikati. Kuna mama mtafiti anaitwa Gloria Mark, wa chuo kikuu cha California pale Irvine, yeye na wenzake walikaa na watu maofisini wakawa wanawafuatilia kwa saa mkononi, wakakuta mtu akikatwa kwenye kazi inamchukua kama dakika 23 kwa wastani kuirudia ile kazi, kwa sababu hairudii moja kwa moja, anapitia kwanza vikazi vingine viwili hivi. Alafu mwaka 2009 mtafiti mwingine, Sophie Leroy, akaandika kuhusu kitu ambacho mi nakiita mabaki, yani hata ukirudi kwenye kazi yako kuna kipande cha akili kimebaki kule kwenye ulichokiacha. Sasa we chukua siku yako ya peiroli, watu 160, weka meseji hata kumi tu za "HR upo?", uone kama ni ajabu unamaliza saa mbili usiku. Na hiyo "HR upo?" naichukia kuliko zote maana haina swali ndani, unajibu nipo, alafu unasubiri dakika kumi mtu anaandika... Mwambie mtu aandike swali lote kwenye meseji moja. Hilo peke yake litakupunguzia nusu ya kelele.

Kuna na hili ambalo naomba ulishike vizuri kwa ajili ya roho yako. Watafiti wawili, Laura Giurge na Vanessa Bohns, walitoa kazi yao mwaka 2021, majaribio nane, watu zaidi ya 4,000, wakakuta kwamba mtu anayepokea imeli ya kazi isiyo ya haraka nje ya saa za kazi anadhani aliyetuma anataka jibu haraka kuliko mtumaji mwenyewe anavyotaka. Yani wewe uliyelala na simu kifuani unaumia kwa haraka ambayo kwa mwenzio haipo, au ipo ndogo. Yeye kaandika saa hiyo kwa sababu ndo amepata nafasi, katoka safari, kakaa, kakumbuka. Na dawa waliyoikuta ni ya bure kabisa, mtumaji akiandika tu kwamba hii sio ya haraka, jibu ukipata nafasi, mpokeaji presha inashuka. Sidhani wafanyakazi wako wataanza kuandika hivo kesho, lakini unaweza kuwafundisha, na wa kwanza kufundishwa ni bosi wako.

Hiyo hali ya kuhisi lazima ujibu sasa hivi ina hata jina, kwa Kiingereza wanaiita telepressure, tuseme telepresha. Larissa Barber na Alecia Santuzzi waliipima mwaka 2015 wakakuta wenye nayo sana wanalala vibaya, wanachoka kazi na wanakosa kazini kwa kuumwa zaidi. Nakutajia kwa sababu umeniambia roho inadunda. Mdogo wangu roho inayodunda ukimuona dereva kwa ajili ya meseji moja, hilo sio jambo la WhatsApp tena.

Haya, nimekutetea vya kutosha, sasa nikuseme kidogo.

Nani kawafundisha hawa watu kwamba HR anajibu usiku? Jiulize ukweli. Nina uhakika miezi ya mwanzo ulikuwa unajibu saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri, na vijiemoji juu, kwa sababu mgeni anataka kupendwa. Wote tumefanya. Sasa mazoea yana taabu, ukimjibu mtu saa nne usiku mara tano, mara ya sita usipomjibu kwake yeye umebadilika, umeanza kujisikia. Sheria yako ya kazi hawajaisoma popote, wanaisoma kwenye muda wa majibu yako.

Alafu angalia upande wa pili, sisi HR tunavyowaandikia watu. "HARAKA SANA, fomu zote ziletwe leo kabla ya saa tisa mchana." Saa hizo ni saa sita, na fomu yenyewe umekaa nayo toka jumatatu. Tunawataka wao wajibu papo hapo alafu wao wakitaka hivo hivo tunasema hawana adabu. Mi siku nilipoacha kuandika neno haraka kwenye matangazo yangu, nikaanza kuwapa watu siku tatu nne, ndo na wao wakaanza kunipa nafasi, sikuwaambia chochote, ilitokea tu.

Na waombaji wa kazi, hapo sisi tuna dhambi kubwa jamani. Mtu kaja kwenye usaili kavaa vizuri, kaaga alipo, tunamwambia tutakupigia, miezi miwili kimya. Huyo naye hadai papo hapo, anadai mstari mmoja tu wa kwamba nafasi imepata mtu. Ukishamaliza kurekebisha mambo ya wafanyakazi nenda kwenye hilo.

Turudi kwenye kazi. Unachohitaji ni kuwaambia watu kwa maandishi, kupitia bosi wako au mkiweka saini wote wawili, maswali ya HR yanapelekwa wapi na yanajibiwa ndani ya muda gani. Mi naona kwa timu ya watu wawili sema hivi: kila swali litathibitishwa limepokelewa siku hiyo hiyo ya kazi, ya kuangalia rekodi kama siku za likizo au nakala ya hati ya mshahara yatajibiwa ndani ya siku moja ya kazi, barua za benki na ubalozi siku mbili, na yale ya kuchimba kama malalamiko au marekebisho ya mshahara utampa mtu tarehe kwa jina lake. Usiweke muda wa kujionesha, ukisema saa mbili utashindwa wiki ya kwanza tu na ukishindwa mara mbili hakuna atakayekuamini tena. Weka muda unaoumudu hata kwenye wiki ya peiroli. Na kwenye tangazo hilo hilo andika tarehe za peiroli, sema wazi siku hizi mbili HR wanajibu dharura tu, mbona watu wanaelewa, hakuna mtu anataka mshahara wake uchelewe kwa sababu ulikuwa unamtafutia mwenzie nakala ya mkataba.

Ujumbe wa kuthibitisha usiwe roboti. "Ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi" mtu akisoma anajua haujafanyiwa kazi. Andika kitu kinachoonesha umesoma, mfano: "Nimeliona swali lako la siku za likizo. Naangalia kwenye rekodi kesho asubuhi, nakupa idadi kabla ya saa sita mchana." Inachukua sekunde ishirini. Alafu kesho saa tano na nusu kama bado hujaangalia, unarudi kwake unamwambia bado, nimebanwa, nakupa saa tisa. Watu watakusamehe kuchelewa ukiwaambia mapema, wanachokataa ni kutafuta wenyewe. Utaona baada ya mwezi hizo meseji za "vipi ile ishu yangu" zinapungua, na ukihesabu hizo ndo zilikuwa nyingi kuliko maswali yenyewe.

Hesabu kweli lakini. Chukua daftari, wiki mbili, wewe na msaidizi wako andikeni kila swali linaloingia, nani, nini, saa ngapi. Mi nilipofanya hivo nilikuta zaidi ya nusu ya maswali yalikuwa ni yale yale matano, na la kwanza lilikuwa siku za likizo. Nikaanza kutuma kila mtu salio lake la likizo mwisho wa mwezi pamoja na hati ya mshahara, swali likafa. Huyo kaka yako asingekuandikia kabisa ule usiku kama namba yake ilikuwa imeshamfikia. Yale mengine manne andika majibu yake ukurasa mmoja, bandika ubaoni na weka juu kwenye grupu, na msaidizi wako mpe hayo yawe yake kabisa, ndo atajifunza. Na akijibu yeye usimrukie kujibu tena juu yake, utamuua.

Ila kuna mambo ambayo papo hapo ni papo hapo, na hapa sitaki unielewe vibaya ukaja kujificha nyuma yangu. Mtu kaumia kazini. Mtu kaandika kwamba meneja wake kamshika au anamtishia. Mtu anaandika maneno ambayo ukiyasoma unahisi anataka kujidhuru. Mshahara haujaingia kwa idara nzima. Kuna msiba. Hayo hayasubiri asubuhi na hayajibiwi kwa meseji, unapiga simu. Na hata hapo, ile la manyanyaso, haraka yako iwe ni ya kumsikia mtu na kuhakikisha yuko salama, sio haraka ya kutoa maamuzi, usije ukaandika saa tano usiku "tutamfukuza huyo", hujamsikiliza mwingine wala hujui nini kimetokea. Mwambie nimekusikia, uko wapi, uko na nani, kesho saa mbili asubuhi nataka nikuone, na ile meseji usiifute. Kwa hiyo kwenye tangazo lako weka namba moja ya dharura na utaje dharura ni nini, moja moja kwa majina, maana ukiacha wazi kila mtu dharura yake ni kubwa.

Bosi wako sasa. Alikosea kukuita kwa ajili ya kichekesho cha kwenye grupu bila kuuliza, lakini mabosi wengi hawajui HR anafanya nini kati ya saa tatu na saa kumi, wanaona tu matokeo. Usiende kulalamika kwamba umechoka, ukisema umechoka atakupa pole na mambo yatabaki pale pale. Nenda na lile daftari la wiki mbili. Muoneshe meseji ngapi zinaingia, ngapi usiku, alafu muulize: nikiwa kwenye peiroli mtu akiniuliza salio la likizo, nisimamishe kipi? Muache achague yeye. Nimewahi kumuuliza bosi mmoja swali hilo akakaa kimya muda mrefu alafu akasema, peiroli bila shaka. Nikamwambia naomba uliandike hilo. Akaliandika.

Na yeye pia kama ana tabia ya kukufowadia mambo saa nne usiku muombe kistaarabu, aandike muda wowote anaotaka lakini apange iende asubuhi, imeli karibu zote siku hizi zinaruhusu hivo. Sio ombi la ajabu. Volkswagen kule Ujerumani tangu 2011 walipanga seva zao ziache kupeleka imeli kwenye simu za baadhi ya wafanyakazi nusu saa baada ya kazi mpaka nusu saa kabla ya kazi kuanza. Daimler, wale watengenezaji wa Mercedes, mwaka 2014 wakaenda mbali zaidi, mfanyakazi akiwa likizo anaweza kuruhusu imeli zinazoingia zifutwe zenyewe, na aliyetuma anaambiwa imefutwa, mtafute fulani. Hii ya Daimler naipenda kwa sababu haimuachi mtu kwenye giza, anajua hapo hapo kwamba hatajibiwa na nani wa kumwendea, tumesharudi pale pale pa kumwambia mtu.

Umeuliza kama ni kweli unatakiwa kujibu papo hapo, sasa tuangalie sheria inasemaje. Inategemea nchi na mkataba wako, kwa hiyo usome wako kwanza, ila nikupe picha dunia inaelekea wapi. Ufaransa mwaka 2004 mahakama yao ya rufani ya juu, Cour de cassation, ilipata kesi ya mfanyakazi wa ambulensi aliyefukuzwa kwa kutopokea simu yake binafsi nje ya saa za kazi, ikasema kutopatikana hivo sio kosa. Miaka ikapita wakaja kuweka sheria kabisa, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2017, kampuni za kuanzia watu 50 lazima zizungumze na wafanyakazi kuhusu haki ya kujiondoa hewani. Ureno mwaka 2021 wao wakaigeuza, wakampa mwajiri wajibu wa kutomtafuta mtu kwenye mapumziko yake labda kuwe na jambo kubwa lisilozuilika. Australia imeanza tarehe 26 Agosti 2024, mfanyakazi anaweza kukataa kusoma au kujibu nje ya saa zake isipokuwa pale kukataa kwake kunapokuwa hakuna sababu ya msingi, na katika kupima hilo wanaangalia sababu ya kutafutwa, usumbufu, kama analipwa kwa kuwa tayari, na ngazi yake ya kazi. Hapo kwenye ngazi ya kazi ndo HR tunaposhikwa, mtu wa HR akitafutwa usiku kwa sababu mfanyakazi kaumia itakuwa vigumu kusema saa zangu zimeisha. Lakini salio la likizo, hapana. Na kichekesho ni kwamba hizo sera za kutowasumbua watu usiku kwenye makampuni mengi anayeziandika ni HR, mara nyingi usiku.

Simu ya pili. Mi sikukatazi, ila ukiinunua kwa hela yako na ukalala nazo zote mbili kichwani umeongeza chaja tu. Inafaa kama laini ni ya kampuni, kampuni inailipia, inakaa ofisini au inazimwa saa fulani, na msaidizi wako anaweza kuishika wiki ambayo wewe uko likizo. Faida yake kubwa hata sio usingizi, ni kwamba taarifa za watu zinatoka kwenye simu yako binafsi. Hebu fikiria saivi kwenye WhatsApp yako kuna picha ngapi za vyeti vya hospitali, vitambulisho, namba za akaunti za watu, katikati ya picha za wanao. Simu ikiibiwa leo unaanzia wapi. Kama laini ya kampuni haiwezekani mwezi huu basi angalau zima tiki za bluu na weka ujumbe wa kujijibu wenyewe baada ya saa za kazi, WhatsApp ya biashara inao bure, andika saa ngapi utarudi kujibu na namba ya dharura. Kuzima tiki sio suluhisho lakini itakupa usiku wa kupumua.

Sasa huyo kaka. Usimjibu kwenye grupu, hata kwa utani, na usimuandikie barua, ukimuandikia barua kwa maneno matatu umethibitisha kila kitu wanachofikiria juu ya HR. Kwanza, kama mpaka leo hujampa ile idadi ya siku zake, mpe leo kabla ya kusoma mstari unaofuata, nina wasiwasi kwa hasira ulizokuwa nazo umeiacha. Alafu mtafute uso kwa uso, akiwa hana safari, pasiwe na watu. Mwambie: "Kaka, ile meseji yako niliisoma na sikukuambia kitu, nilikosea, ningekwambia hata subiri kesho. Ila kule kwenye grupu uliniumiza. Siku nyingine nikichelewa njoo mlangoni kwangu unigongee." Nyamaza hapo, usiongeze mambo ya peiroli na saa mbili usiku, atakuwa ameshaelewa. Akikuomba msamaha pokea, akikaa kimya mwache na kimya chake. Na ukishaweka lile tangazo la utaratibu mpya, yeye awe wa kwanza kumuuliza kama limeeleweka kwa madereva, maana wao wako barabarani mchana kutwa na hiyo saa tatu na nusu usiku huenda kweli ndo saa yao pekee ya kukaa na simu, na kama ni hivo basi madereva wapangie njia yao, labda msimamizi wao akusanye maswali mara moja kwa siku akuletee asubuhi, uyajibu yote kabla hawajarudi.